Zulia Lililosimamisha Pampu

Shemeji yangu Oiva Rautakoski alikuwa na ugomvi na kila kitu kinachoelea. Magogo, mwani, maboya yaliyokatika kamba, viatu vya mpira, bata wa plastiki wa watoto, vyote alivihesabu kuwa maadui zake binafsi. Ukimwona amesimama ufukweni ameshika kiuno na kuikazia macho bahari, usidhani anafurahia mandhari. Anatafuta takataka, na akiiona anajua ni ya nani.

Ndiyo kazi iliyomlisha. Kituo chetu cha umeme wa nyuklia hapa Rysäniemi kinakunywa bahari. Maji yanaingia kwa mfereji, yanapita kwenye nondo nene za chuma, halafu kwenye machujio yanayozunguka, ndipo pampu zinayavuta kwenda kupoza mvuke, kisha yanarudishwa baharini yakiwa vuguvugu. Bila maji hayo kinu cha nyuklia hakina raha, kama mtu aliyefungiwa ndani ya sauna. Wahandisi wana vyumba vyao vyenye skrini na taa za rangi. Oiva alikuwa na nondo zake, machujio yake, mashine ya reki yenye meno makubwa, na chepe. Kila kilichonasa alikitoa, akakitazama kwa chuki, akakitupa kwenye kontena la vitu vya kuchomwa.

Mimi ni mpishi wa kantini ya kituo hicho, na marehemu Lempi, mke wake, alikuwa binti wa mama yangu mdogo. Kwa hiyo ninayosema nayasema kwa haki mbili. Ya kwanza ni haki ya shemeji. Ya pili ni haki ya mpishi ambaye mwanamume huyo alikataa chakula chake miaka yote, akaja na mkate wake na samaki wa chumvi kutoka nyumbani, eti supu yangu haina ladha. Wengine mia nne wanaila hawajafa.

Kijiji kizima kilikuwa kimeonja ulimi wake. Mwaka mmoja majirani walitupa mti wao wa Krismasi juu ya barafu ya bahari, wakitumaini barafu ikiyeyuka nao utakwenda zake. Oiva aliungoja kwa subira. Uliponasa kwenye nondo aliubeba begani mpaka kwa wenyewe, katikati ya mwezi Mei, akausimamisha mlangoni. "Krismasi njema," akawaambia, akaondoka. Mamba wa mpira wa watoto wa mchungaji alirudishwa kwao akiwa ametobolewa, na mchungaji mwenyewe akapewa mahubiri yaliyozidi ya Jumapili. Wenye boti wakimwona tu anapita walianza kukagua mafundo ya kamba zao. Mwishowe wakubwa wakamwomba aache kurudishia watu vitu vyao, naye akapendekeza kanuni mpya: chochote kitakachotoka kwenye nondo kichomwe, hata kiwe cha nani. Kanuni ikapita. Akapewa na somo la kuwafundisha wafanyakazi wapya, somo la vitu vinavyoelea, na hakuna aliyethubutu kusinzia humo.

Lempi peke yake ndiye aliyemweza. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na kicheko kirefu. Oiva akianza, "Unajua leo nimetoa nini kwenye nondo?" yeye humjibu, "Niache nile kwanza," na mambo yanaishia hapo. Alipofariki, majira ya baridi ya mwaka juzi, Oiva hakulia mbele za watu. Alitoka mazishini akarudi kazini akasafisha machujio yaliyokuwa safi.

Lempi alimwachia nyumba, sauna, mabinti wawili walioolewa mbali, na zulia la korido. Zulia la namna hiyo kwetu halinunuliwi. Linafumwa kwa nguo zilizochakaa za nyumba hiyo hiyo, zimekatwa vipande virefu vyembamba, kwa hiyo ukiingia kwa mtu unakanyaga suruali za babu na mashuka ya harusi. Na ndiyo maana hapa hakuna zulia lisilojulikana mwenyewe. Mwanamke yeyote wa Rysäniemi akiliona anakwambia la nani, na mara nyingi anakwambia na shati lililofumwa humo lilinunuliwa wapi. Hilo la Lempi alilifuma mwaka wake wa mwisho, nesi akija nyumbani kumuuguza, refu kutoka mlango wa mbele hadi jikoni. Mimi nilikaa naye nikikata vitambaa huku yeye akifuma, tukinywa kahawa na kuwasema watu.

Zulia la aina hiyo huoshwa kila kiangazi. Si jambo la hiari. Unalisugua kwa brashi na sabuni ya msonobari, unalisuuza, unalianika juani, na kijiji kinaona kwamba bado wewe ni mtu. Kiangazi cha kwanza cha ugane wake, Oiva hakuliosha. Nilimsamehe. Kiangazi cha pili nikamwendea.

"Shemeji, zulia hilo likikaa mwaka mwingine hivyo litaota viazi."

"Naliosha wiki hii."

"Unajua kuliosha?"

"Sylvi, mimi kazi yangu ni maji."

"Kazi yako ni kutoa vitu majini. Kuviingiza ni kazi nyingine."

"Nenda nyumbani, shemeji."

Sasa, karibu na daraja kuna mahali pa kuoshea mazulia, pana mabeseni makubwa, maji ya bomba na mashine ya kukamua. Oiva mwenyewe ndiye aliyepiga kelele mpaka halmashauri ikapajenga, ili watu waache kuoshea baharini. Lakini kiangazi kizima pale hukosi wanawake sita saba, na kila mmoja ana namna yake ya kushika brashi na yuko tayari kukufundisha bila kuombwa. Oiva, aliyefundisha kijiji kizima, hakutaka kufundishwa mbele za watu. Basi akafanya lile lile alilowakataza wengine maisha yake yote. Jioni moja alilibeba zulia hadi kwenye gati lake la mbao, kusini mwa mfereji wa kituo, akalizamisha baharini lilowe, akafunga ncha yake kwenye nguzo, akaenda kuoga sauna na kulala. Alitaka kuliamkia mapema kabla ya macho ya majirani.

Upepo wa kusini-magharibi ndio ulioamka mapema zaidi.

Asubuhi ile nilikuwa natia maandazi ya iliki kwenye oveni, nikasikia kipaza sauti kikitangaza kwamba nguvu ya kinu inashushwa. Sitaki kumtia mtu hofu. Kinu kina pampu nyingine na njia nyingine za maji, na siku ile hakuna kilichoungua isipokuwa maandazi yangu. Lakini pampu moja kubwa ilikuwa imejizima yenyewe kwa kukosa maji, kituo kikashuka hadi nusu ya nguvu zake, simu zikaanza kulia kutoka Helsinki, na kwenye redio wakasema tatizo limesababishwa na kitu kutoka nje ambacho bado hakijatambuliwa.

Yaliyotokea kwenye nondo nilisimuliwa na Aulis, fundi mwenzake Oiva, mtu mpole mwenye masikio makubwa. Upepo ulikuwa umeng'oa mwani mwingi, na kwa kawaida mwani unakuja mafungu mafungu, reki inauzoa, basi. Safari hii kitu kirefu kilikuwa kimelala kwenye nondo kutoka upande hadi upande, mwani umejirundika juu yake, na maji nyuma yake yanazidi kushuka. Reki ilipokishika ikakwama. Oiva akawaka.

"Mpumbavu gani katupa wavu wake humu? Nikimpata huyo nitamlisha huo wavu! Nitamlisha na maboya yake!"

Wakaleta winchi, wakavuta. Ukatoka mwani, wakatoka na dagaa, halafu ukatokea mstari mwekundu. Halafu wa njano. Halafu wa buluu na nyeupe. Oiva alikuwa katikati ya tusi refu, akalikatiza hapo hapo.

"Ni zulia," alisema Aulis.

"Naona."

"Zulia zuri."

"Vuta, Aulis."

"Zuri sana. Linafanana na lile la—"

"Vuta, nimekwambia!"

Aulis, ambaye amevua viatu vyake juu ya zulia hilo mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, akavuta. Maji yakarudi, pampu ikawashwa, na kabla ya chakula cha mchana kinu kilikuwa kinapanda tena taratibu. Oiva akauambia umati uliokusanyika kwamba ni takataka ya wageni wa kiangazi, watu wa kusini wasiojua bahari. Aulis anasema alikuwa mweupe kama unga wa pancake.

Jambo hilo akakabidhiwa Bi Annukka Vesterholm, injinia wa usalama. Ni mama mwenye akili na subira, asiyefoka. Hakuwa na haja ya kumwadhibu mtu, alitaka tu kujua zulia limeingiaje ili lisije kuingia jingine. Wakalipima mionzi kwa vyombo vyao, halikuwa na kitu ila chumvi. Kisha akalitundika wapi? Kantini kwangu. Eti ndio ukumbi mkubwa wenye joto. Kamba kutoka ukuta hadi ukuta, zulia juu ya vichwa vya walaji, likidondosha maji kwenye sahani na kunuka dagaa.

"Atakayelitambua aseme," alitangaza. "Asipopatikana mwenyewe, Alhamisi linakwenda kuchomwa na mwani. Mnajua kanuni."

Kila mtu aliijua kanuni, na kila mtu alijua iliombwa na nani.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Wafanyakazi wengi ni watu wa hapa hapa, na wengine walioa hapa. Wanawake wa ofisini waliingia, wakainua macho, wakayashusha, wakaomba kahawa. Mlinzi wa getini aliinua macho, akajikohoza. Sisi tuna adabu moja: mtu akifikwa na aibu tunatazama pembeni mpaka iishe. Ni adabu nzuri kwa mtu aliyesahau kufunga zipu. Kwa jambo kama hili ni balaa.

Na Oiva? Oiva alianza kula kantini. Mwenye samaki wake wa chumvi! Siku ya kwanza alikuja akachukua supu, akaketi chini ya zulia, akala kijiko kimoja kwa dakika nyingi. Siku ya pili akasimama kwenye kiti akaligeuza, kwa sababu upande mmoja ulikuwa umekauka kuliko mwingine. Nikamwona akinyoosha ukingo kwa kidole gumba, taratibu, mahali meno ya reki yalipokuwa yameuchana.

"Unafanya nini hapo juu, shemeji?" nilimuuliza.

"Linaziba mwanga."

Aulis na wenzake wa karakana hawakuweza kujizuia kabisa. Waliketi meza ya pili wakaanza.

"Oiva, wewe ndiye bingwa wa vitu vinavyoelea. Unadhani hili ni la nani?"

"La mjinga mmoja."

"Mjinga wa wapi?"

"Wa kusini."

"Kusini kabisa, au kusini kidogo tu mwa mfereji?"

"Kula, Aulis."

"Nakula. Nauliza kwa ajili ya elimu. Mjinga wa namna hiyo, ukimpata, ulisema utamlisha nini?"

Oiva akainuka akaenda kurudisha sahani ikiwa imejaa. Mimi nikampiga Aulis na kitambaa cha vyombo mgongoni, akanyamaza, lakini mabega yalikuwa bado yanacheka.

Jumatano nilipomaliza kazi nikamfuata nyumbani na maandazi mawili. Korido ilikuwa mbao tupu. Tulipita juu yake viatu mkononi, na bado mbao zikalia kwak kwak kama za jukwaa.

"Shemeji, zulia la korido liko wapi?"

"Nimelihifadhi."

"Wapi?"

"Mahali salama."

"Hapo umesema kweli. Lina walinzi, kamera na waya wa miiba."

Akamimina kahawa, akaimwaga nusu kwenye kisahani. "Nilimwomba Annukka nilipeleke mimi mwenyewe kwenye kuchomwa," alisema. "Nikamwambia ni kazi yangu. Akanishukuru, akasema nimechoka, nipumzike."

"Mwambie ni lako, umalize."

"Mimi?" Alinitazama kana kwamba nimemwambia aende kanisani bila nguo. "Sylvi, mimi nimerudisha mti wa Krismasi kwa watu mwezi Mei. Nimemtoboa mamba wa mchungaji. Niseme nini? Kwamba nilioshea zulia baharini, kandokando ya mfereji, nikalifunga vibaya, nikazima nusu ya kituo? Watanicheka mpaka niingie kaburini, na huko atakayenizika ni mchungaji yule yule."

"Basi litaungua."

Alitazama mlango wa korido kwa muda mrefu, nikaona kwamba mwanamume huyu ataliacha liungue, halafu hataishi vizuri tena siku hata moja. Nikakasirika. Nikala andazi lake pia, nikaondoka.

Alhamisi ni siku ya supu ya njegere na pancake, na siku hiyo hakuna anayekosa. Kantini ilijaa. Bi Annukka akaingia na vijana wawili wenye mkokoteni.

"Basi," alisema, "hakuna mwenyewe?"

Vijiko vikasimama. Watu wote wakatazama pembeni, na kwa kuwa wote walitazama pembeni kwa pamoja, wakajikuta wanatazamana. Oiva alikuwa amekaa chini ya zulia, ameinamia supu yake kana kwamba kuna kitu kinaelea humo. Kijana mmoja akapanda kiti akaanza kufungua kamba. Ncha moja ikaanguka, ikamgusa Oiva bega, naye akafumba macho.

Niliumia. Lempi alikuwa damu yangu, na hayo matambara niliyakata kwa mikono hii hii. Sikuweza. Nikafuta mikono kwenye aproni nikatoka nyuma ya kaunta.

"Acheni," nikasema. "Ni langu."

"Lako, Sylvi?" Bi Annukka alishangaa.

"Langu. Nililifuma mwenyewe. Nililiosha baharini, likanitoroka. Nisameheni, nipeni niende nalo."

"Lakini wewe unakaa kaskazini mwa mfereji. Upepo ulitoka kusini."

"Lilizunguka."

Aulis akapaliwa na supu. Bi Annukka akanitazama, akatazama zulia, akatazama kantini nzima iliyokuwa inakodolea macho pancake zake, na nadhani hapo alianza kuelewa, kwa sababu alisema taratibu, "Haya. Kama Sylvi anasema amelifuma yeye..."

"Amelifuma nani?"

Ilikuwa sauti ya Oiva.

"Kaa chini, shemeji," nikamwambia kwa meno yaliyobanwa.

"Nauliza, amelifuma nani?"

"Mimi. Kula supu yako."

"Wewe?" Akainuka. Uso ulikuwa umeiva. "Wewe ambaye zulia lako la sebuleni limepinda mpaka paka anapotea njia? Wewe? Tazameni kingo hizi! Tazameni! Zimenyooka toka mwanzo hadi mwisho, unaweza kupimia nyumba! Sylvi hajawahi kufuma kitu kilichonyooka tangu azaliwe, hata mkate wake umekaa upande! Huu ni mkono wa Lempi. Mniite mjinga, mniite wa kusini, mniite mnachotaka, lakini kazi ya Lempi haitaitwa kazi ya Sylvi nikiwa hai!"

Mimi nilisimama pale, nimejitoa mhanga, nimetukanwa zulia na mkate. Mpaka leo hajaniomba radhi kwa ule mkate.

"Kwa hiyo ni lako, Oiva," alisema Bi Annukka.

Oiva akagundua alichokifanya. Alitazama huku na huku kama mtu aliyeamka kwenye kitanda cha watu.

"Lilikuwa limefungwa," alisema kwa sauti ndogo.

"Wapi?"

"Gatini kwangu."

"Fundo gani?" aliuliza Aulis.

"Nyamaza, Aulis."

Hapo ikaangua kicheko, kantini nzima, na miaka yote ya maboya na mamba na Krismasi njema ikatoka kifuani mwa watu kwa mara moja. Mlinzi wa geti alilia machozi. Mke wa mwenye ule mti wa Krismasi aliweka kichwa mezani. Oiva alisimama katikati yao mikono ikining'inia, akavumilia, na nasema kwa haki kwamba hakukimbia. Bi Annukka alingoja mpaka kicheko kikapungua.

"Utahudhuria somo la vitu vinavyoelea," alimwambia.

"Mwalimu wa somo hilo ni mimi."

"Basi usichelewe." Akawageukia vijana wa mkokoteni akawaambia warudi. "Kuhusu kuchoma, kanuni inasema takataka. Hili si takataka. Nionyeshe tu lilivyochanika, niandike."

Kuonyeshwa mchaniko tu ndiko alikoomba, lakini Oiva alikuwa amekwisha kufunguka, na mtu wetu akifunguka mara moja katika maisha hafungiki upesi. Akalishusha zulia, akalikunjua juu ya meza mbili, akaanza kumpitisha mstari kwa mstari. Hii nyekundu, alimwambia, ni blanketi la binti yetu mkubwa. Hii ya njano ni mapazia ya chumba tulichopanga kwanza. Hii ya buluu na nyeupe ni pajama zangu. Kantini nzima ikazitazama pajama. Hii ya kijivu ni suruali ya harusi, ilinibana. Watu wakaacha kula, wakasogea, hakuna aliyecheka tena.

"Na hii ya kijani hapa mwisho?" aliuliza Bi Annukka.

Oiva akainama. "Hiyo ni pazia. La sauna."

"Si pazia," nikasema. Nilikuwa bado nachemka. "Sauna yako haijawahi kuwa na pazia. Ni gauni lake la dansi. Kiangazi kizima cha uchumba wenu ulicheza naye tango kwenye jukwaa la dansi, ukamkanyaga miguu yote miwili, na gauni hulikumbuki? Alitaka kuzikwa nalo. Kisha akabadili mawazo akanipa mkasi. Nikamwambia, Lempi, umerukwa na akili, hilo ni zima kabisa. Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Likibaki kabatini, Oiva atalifungia humo mpaka wadudu walimalize, hataligusa. Likiwa sakafuni atanikanyaga kila asubuhi akienda kazini, na mara moja kwa mwaka itambidi apige magoti aniogeshe. Hajawahi kunipigia magoti, hata siku ya posa.'"

Sikukusudia kuyasema mbele za watu. Yalitoka yenyewe.

Oiva aliweka kiganja juu ya ule mstari wa kijani.

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

"Alikuwa analia?"

"Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka nesi akaja."

Akatikisa kichwa, mara kadhaa. Pua yake ilikuwa nyekundu, na hakuna mtu hata mmoja aliyetazama pembeni.

"Kila mwaka kituo kina siku ya familia," alisema, hakuna aliyejua anamwambia nani. "Kila mwaka nilimwalika. Nilimwambia, njoo uone nondo, uone machujio yanavyozunguka. Akasema, 'Nije kutazama mwani, Oiva? Niletee tu mshahara.' Hakuja hata mara moja."

Akalikunja zulia vizuri, kijani ikawa juu, akalitupia begani. Lilikuwa zito bado kwa maji, akayumba kidogo, Aulis akataka kumsaidia, akamkatalia. Watu wakampisha. Akatembea hadi mwisho wa ukumbi, akausukuma mlango wa upande wa bahari, unaokwenda kwenye mfereji.

"Oiva," alimwita Bi Annukka, "geti liko upande huu."

"Najua," alisema Oiva. "Nampitisha kwanza aone."